Kwa Nini Mabua ya Mpunga Yatibiwe Kwanza?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga huku Ahero, Kisumu. Nimesikia kwamba mabua tunayoyachoma baada ya mavuno yanaweza kutoa spiriti, ila ni lazima yatibiwe kwanza kwa kemikali. Kwa nini yasichachushwe moja kwa moja kama maji ya miwa?

JIBU: Sukari ya muwa imo tayari katika maji yake, na hamira huipokea bila shida, lakini ya bua la mpunga imefungwa ndani ya selulosi, yaani nyuzi za mmea zilizoundwa kwa sukari, nayo selulosi imeshikamana na lignini, gundi ngumu ambayo vimeng'enya, yaani protini zinazovunja selulosi kuwa sukari, haviipenyi kwa urahisi. Kostiki soda, ambayo ni alkali kali, huiyeyusha gundi hiyo, pamoja na sehemu ya silika, madini kama ya mchanga, ile inayokukwaruza mikono unapofunga matita. Jikoni unaijua kanuni yake: munyu uliochujwa kutoka kwenye majivu hulainisha mrenda kwa kuwa nao ni alkali. Asidi ya salfuriki iliyozimuliwa nayo hutumika: huvunja hemiselulosi, jamaa ya selulosi inayoizunguka, lakini joto likizidi hutokea kemikali iitwayo fafurali, ambayo ni sumu kwa hamira.

Kostiki huunguza ngozi na macho, na maji yake meusi hayafai kumwagwa mferejini, kwa hiyo sikushauri uijaribu nyumbani. Afadhali urea: yeyusha kilo 4 katika lita 50 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu, kisha yafunike kwa plastiki yasipate hewa kwa majuma 3. Amonia inayotokana na urea itayalainisha; hutapata spiriti, bali lishe bora ya ng'ombe. Yaanike harufu ipungue kabla ya kulisha, na ndama wachanga wasipewe.