Vitwitwi wa Mida wote kijivu: anza na wanavyokula, rangi baadaye

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa nne ukisimama pale Mida Creek, mkono wa bahari wa Watamu, kaunti ya Kilifi, maji yakiwa yanajaa, utaona tope lote linatembea, yaani vitwitwi kwa mamia, wadogo wadogo, mgongo kijivu tumbo jeupe, na kama ni mara yako ya kwanza utafungua kitabu cha ndege na kitakuchanganya kabisa. Mimi kilinitesa msimu mzima. Kitabuni naona ndege mwekundu kifuani, mwingine mweusi usoni, mbele yangu naona kijivu tu, nafunga kitabu narudi nyumbani na daftari tupu. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba zile rangi ni nguo za harusi, wengi wanazivaa kule Siberia na kaskazini kabisa mwa Ulaya wakati wa kutaga, huku kwetu wanakuja kukimbia baridi na kujaza matumbo, kwa hivyo nguo za harusi wameshavua.

Basi ushauri wangu ni huu, rangi iache mpaka mwisho, mtazame kwanza anakula vipi.

Kuna wanaowinda kwa macho. Hawa ni plova, mdomo mfupi, kichwa cha duara, jicho kubwa jeusi, anakimbia hatua kadhaa, anasimama ghafla kimya, anainama anadona mara moja, anakimbia tena. Alafu kuna wanaowinda kwa kupapasa, mdomo mrefu kidogo, kichwa chini muda wote, kwa sababu ncha ya mdomo ina hisia na inamjua mnyoo ndani ya tope bila kumwona. Ukishatenganisha hayo makundi mawili, nusu ya kazi umemaliza na hujagusa kitabu.

Katika hawa wa kichwa chini, mdogo kuliko wote ni stinti mdogo. Siku moja nlikaa chini karibu na mikoko, sijitikisi, akaja mmoja mpaka hatua nne tano kutoka miguuni kwangu. Gramu kama 25 tu, miguu myeusi, mdomo mweusi mfupi ulionyooka, na anadona haraka haraka juu juu ya tope kama sindano ya cherehani, hapumziki. Pembeni yake kulikuwa na mwingine mrefu zaidi, maji yanamfika tumboni, anachomeka mdomo wote mpaka uso unalowa, na ule mdomo umepinda kwenda chini taratibu kama upinde. Huyo kisayansi ni Calidris ferruginea na Mida wamejaa. Akiruka angalia juu ya mkia, kuna kiuno cheupe kabisa, stinti hana, yeye ana mstari mweusi katikati.

Huyu wa mdomo wa upinde atakusumbua kidogo mwezi wa tisa na wa kumi, manake watoto wa mwaka huo wanafika na mgongo wa kahawia wenye magamba magamba, kifua kina rangi ya maziwa ya chai, utadhani ni ndege mwingine. Angalia mdomo, ni yuleyule. Na idadi ya hao watoto haiko sawa kila mwaka, kule Siberia kuna panya wanaitwa lemingi, wakipungua mbweha wa kule wanageukia mayai na vifaranga, na huku msimu huo tunaona karibu wakubwa tu. Mimi hilo jambo linanigusa sana, panya wa Siberia kapungua, tope la Kilifi linahisi.

Sandalingi usimtafute ndani ya creek, nenda ufukweni kwenye mchanga. Mweupe kuliko wote, anafuata wimbi likirudi na kulikimbia likija, siku nzima hivyo. Terek naye huwezi kumkosa, mdomo umepinda kwenda juu, miguu mifupi ya machungwa, anakimbia ameinama akifukuza kaa kama mtu anayefukuza kofia iliyopeperushwa na upepo. Na anayetikisa mkia juu chini bila kuacha, peke yake kwenye mawe au mizizi ya mikoko, huyo ni sandpaipa wa kawaida, hata kwenye mito ya bara yupo.

Kazi ngumu ni plova wa mchanga, mkubwa na mdogo, wanafanana na wanakula pamoja. Usiamue kwa ukubwa kama yuko peke yake, jicho linadanganya. Ngoja wasimame wawili karibu. Mkubwa mdomo ni mrefu na mnene, miguu mirefu yenye ukijani au unjano, mdogo mdomo mfupi, miguu ya giza. Lakini miguu ikiwa na tope yote ni kijivu, hapo nimekosea mara nyingi sana, siku hizi nasubiri apite majini ajioshe. Na wote wawili hawana kola nyeupe shingoni nyuma, ukiona kola nyeupe pamoja na mkanda wa giza kifuani na miguu ya machungwa, huyo ni plova wa mkanda.

Wakati wa kwenda ni muhimu kuliko darubini. Uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvua maji yakipwa yanaenda mbali mno na ndege wanayafuata, utaona nukta tu. Fika masaa mawili matatu kabla maji hayajajaa, kaa chini, jua liwe mgongoni, maji yenyewe yatakuletea ndege. Ikifika saa nne asubuhi joto linapanda kutoka kwenye tope na kila mguu unacheza machoni, hapo funga darubini.

Na tafadhali usiwarushe ili uone kiuno cheupe au upate picha. Hawa wanatafuta mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, kila ukiwarusha wanachoma sehemu ya kile walichokula. Ukikaa kimya watapaa wenyewe, mwewe akipita tu kundi zima liko hewani.

Mwezi wa nne ndo utoe kitabu. Wanaanza kuvaa tena kabla ya kuondoka, nlimpata mmoja wa mdomo wa upinde kifua kimeanza madoa mekundu kama kutu, pembeni yake mwenzake bado kijivu kabisa, wanakula tope moja, na kwa mara ya kwanza picha ya kitabuni na ndege wa mbele yangu vikawa kitu kimoja.