NI inasomeka HI: kusimbua Morse ya 0 na 1 kwa Python

Mkuu, umesema ujumbe wako ni NI MIMI ila skripti inatoa HI, kisha inakwama. Kosa hilo nalijua, lilinikesha siku mbili.

N ni kistari (111) na nukta (1), na 0 moja katikati, yaani 11101. Wewe umeanza kugeuza kila 1 kuwa nukta, kwa hiyo 111 imeshakuwa nukta tatu kabla hujaifikia. Ongeza ile ya mwisho: nukta nne, na hiyo ni H. I haina kistari, ndiyo maana imepona. M nayo ingetoka na nukta sita, kitu ambacho hakimo kwenye kamusi yako ya herufi (MORSE). Geuza 111 kwanza, 1 baadaye.

Ukirekebisha hapo bado itakwama palepale, maana umekata moja kwa moja kwa 000, ambayo ni pengo la herufi. Pengo la maneno ni sufuri saba. Ukilikata kwa tatu tatu linabaki kipande kitupu, nacho hakimo kwenye kamusi. Anza na maneno, ndipo herufi:

```
for neno in biti.strip("0").split("0000000"):
    for h in neno.split("000"):
        m = h.replace("111", "-").replace("1", ".").replace("0", "")
        print(MORSE[m], end="")
    print(end=" ")
```

Hii inatosha kama kila kipimo, yaani urefu wa nukta, ni biti moja. Mimi nilikuwa nasoma kitufe cha kutumia Morse kila milisekunde 10. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, nukta ni milisekunde 60, kwa hiyo nukta moja ilipaswa kuniletea 1 sita mfululizo. Ujumbe ukitoka kwenye mashine, tafuta mfululizo mfupi kuliko yote, uwe wa 1 au wa 0, huo ndio kipimo; kisha chukua biti moja kila baada ya urefu huo. Kidole cha mtu hakitoi sita kamili, mara nne, mara nane. Hapo niliacha kukata kwa sufuri, nikaweka mipaka: 1 zisizofika vipimo 2 ni nukta, zaidi ni kistari, pengo lisilofika 2 liko ndani ya herufi, kati ya 2 na 5 linatenga herufi, zaidi ya 5 linatenga maneno.

Na usijaribu kwa ujumbe mfupi mno. 111000111 ni TT, lakini pia ni I iliyotumwa kwa theluthi ya kasi, na biti zenyewe haziwezi kukuambia ni ipi. Hapo lazima uijue kasi ya mtumaji.