Muziki wa tangazo na wapigaji wa kukodi: kwa wanaoanza Mbeya na Iringa

Ukipewa tangazo la redio la sekunde 30, piga hesabu kabla hujagusa kinanda. Kwa mapigo 120 kwa dakika, bari (fungu moja la mapigo) ya mapigo 4 huchukua sekunde 2, hivyo una bari 15, na misemo (sentensi za muziki) ya bari 4 haitoshei. Shuka hadi 96: bari inakuwa sekunde 2.5 na unapata bari 12, misemo mitatu kamili. Noti ya mwisho iangukie mwanzoni mwa bari ya 12 ili mvumo upate nafasi ya kufifia. Msomaji anapotaja bidhaa, tarumbeta inyamaze.

Kazi nyingi huharibikia kwenye karatasi za wapigaji. Huku kwetu wapulizaji wengi hutoka bendi za matarumbeta za Kilutheri na Kimoraviani, na wanakwaya husoma do-re-mi, kwa hiyo muulize kila mmoja anasoma nini kabla hujaandika. Kwa kawaida, ukitaka C ya kinanda, tarumbeta ya B bemoli huandikiwa D, na saksafoni alto A. Ila bendi za makanisa ya Ujerumani, walikotoka wamisionari wengi wa nyanda hizi, humwandikia mpiga tarumbeta sauti halisi ya kinanda. Aliyefunzwa hivyo ukimpa karatasi iliyopandishwa, kila noti itatoka juu kwa toni nzima (D badala ya C), na akipiga peke yake hutagundua.

Violini 2 zikipiga sauti ileile, tofauti ndogo kati yao husikika waziwazi. Tumia 1 au 3. Ukiwa na mpigaji mmoja, mrekodi mara tatu, kila mara ukihamisha kiti chake.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi hushusha sauti ya tarumbeta wakati nyuzi za violini huelekea kupanda. Wapulizaji wapulize dakika 15 ndani ya chumba kilekile cha kurekodia, ndipo mtune kwa noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, na mrudie kila mapumziko. Masika ukiwa chini ya bati, rekodi asubuhi, maana mvua mara nyingi huja mchana na maikrofoni haiwezi kuikwepa. Sehemu za juu za tarumbeta zirekodiwe midomo ikishapata moto lakini haijachoka. Ukiziacha mwisho wa kikao zitapasuka.

Mkataba usainiwe kabla ya noti ya kwanza: malipo ya kikao, redio au televisheni, kwa muda gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mpigaji pia, kwa hiyo andikeni atalipwaje matumizi yakiongezeka.

Unapokabidhi, toa toleo la sekunde 30, la 15, lisilo na maneno, na kila ala peke yake. Faili zote zianzie sifuri, hata tarumbeta inayoingia bari ya 9, la sivyo fundi wa kuchanganya sauti ataipachika kwa kukisia.