Kabla hujafunga AC kwenye pikapu, uliza joto litaenda wapi

Wadogo zangu wa gereji, juzi nimeona tena pikapu imerudi na AC mpya kabisa, mwenyewe analalamika kwamba gari linachemsha kila akikutana na mlima. Kijana aliyeifunga anamjibu, "Mbona hapa ilipuliza baridi safi, bosi?" Ilipuliza kweli. Ilikuwa asubuhi, boneti iko wazi, gari liko kivulini na halina mzigo. Nawapenda na mna mikono mizuri, ndiyo maana nakereka nikiona mnapita kwenye shimo lile lile tulilotumbukia sisi. Kaeni hapa kidogo.

1. Volti kwanza. Canter nyingi zina betri mbili na umeme wa volti 24. Ukizipelekea klachi ya kompresa ya volti 12 (ile sumaku inayoiunganisha pampu ya gesi na injini), koili yake inaungua hata gesi hujaijaza.

2. Joto. Hapa nitakaa.

Kuling koili iliyo ndani inanyonya joto la kabini, kompresa inalisukuma, kondensa inalitema mbele ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Kompresa yenyewe inakula nguvu ya injini, kwa hiyo injini nayo inaongeza joto lake. Rejeta iliyokuwa inajimudu kwa shida, sasa inapewa hewa iliyokwisha kupashwa moto. Haya yote niliyajua nikiwa kijana, na ungeniuliza ningekuchorea hadi mishale. Bado nilimharibia mama mmoja gari lake.

Alikuwa na Land Cruiser pikapu, injini ya 1HZ, dizeli isiyo na tabo. Kazi yake kupeleka vifaranga vya siku moja kutoka Dar hadi Iringa. Aliniambia dereva wake anachoka na joto la Morogoro na Mikumi, anaanza kusinzia, akataka nimfungie kiyoyozi. Tukapatana bei, akaomba punguzo, nami nikakubali. Ili nisipate hasara nikaiondoa feni ya umeme ya kondensa kwenye hesabu, nikijiambia feni ya injini inatosha. Kondensa niliyopata ilikuwa pana kuliko nafasi, nikaibana mbele ya rejeta, pembeni nikaacha mianya. Kisha hozi ya presha ikawa inagusa kava la plastiki linalozunguka feni ya injini. Nikalifungua kava, nikaliegemeza ukutani nyuma ya benchi, nikapitisha hozi. Kava sikulirudisha.

Nilipopima, hewa ya kabini ilikuwa baridi, geji za gesi zimekaa vizuri. Nikamkabidhi ufunguo. Geji ya joto la injini sikuitazama hata mara moja gari likiwa na mzigo, kwa sababu halikuwahi kubeba mzigo mbele yangu.

Dereva alinipigia kutoka Kitonga. Mnaoijua njia ya Iringa mnajua kwamba ukishapita Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda kona kwa kona, malori yako mbele yako, unakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Hapo upepo wa kuingia kwenye grili haupo. Injini inafanya kazi yote iwezayo, kondensa inatema joto, na feni isiyo na kava inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Ile mianya niliyoacha pembeni nayo ikawa njia ya hewa ya moto kurudi mbele. Dereva aliona mshale umepanda akadhani ni geji mbovu, kwa sababu AC bado ilikuwa inapuliza. Aliposimama, maji yalikuwa yameisha na oili imegeuka rangi ya maziwa. Gari lilikuwa limeunguza gasketi na hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda.

Nyuma kulikuwa na maboksi ya vifaranga chini ya turubai, jua la mchana, gari limesimama hakuna upepo. Walikufa wengi kabla halijapatikana gari la kuwahamishia. Yule mama hakunigombeza. Alikuja gereji, akaliona kava limeegemea ukutani, akaniuliza, "Fundi, hiki ni cha gari langu?" Nikamwambia ndiyo, mama. Nililipia hedi na gasketi, na vifaranga nikavilipa kidogo kidogo. Kuliangalia lile kava kulikuwa kugumu kuliko kulipa.

Gari lilipopona, nilirudisha kava na kulikata mahali padogo tu pa hozi. Nikaweka feni ya umeme ya kondensa yenye relei yake (swichi ya umeme), inayowaka pamoja na klachi. Mianya yote nikaiziba kwa sponji ili kila hewa inayoingia kwenye grili ilazimike kupita kwenye kondensa na rejeta. Rejeta nikaipeleka kuzibuliwa. Mwisho nikafunga swichi inayokata kompresa injini ikizidi joto. Gari lilipanda Kitonga na mzigo wake, mimi nimekaa kiti cha abiria macho kwenye geji.

Kwa hiyo gereji hii gari halikabidhiwi mpaka lipakiwe na litafutiwe mlima. Kama lilikuwa linakaribia kuchemsha kabla hujalifungia kitu, tibu hilo kwanza au mwambie mteja ukweli.

3. Kabla ya kujaza gesi, vuta vakyumu dakika 45 (toa hewa yote kwenye mabomba kwa pampu), funga valvu, acha nusu saa uone kama sindano ya geji inatembea; ikitembea, kuna mahali panavuja.

4. Vifuniko vya drayer, ile chupa inayonyonya unyevu kwenye gesi, vitolewe mwisho kabisa. Mnaviacha wazi mnakwenda kunywa chai, na unyevu wa Dar unaingia wote mle ndani.

5. Umeme wa kutosha: feni, blowa (ya kupuliza hewa kabini) na klachi kwa pamoja vinaweza kupita ampea 20, na alteneta ya zamani haikuhesabiwa hayo. Weka relei na fyuzi, msiunge kwenye waya wa taa.

6. Gesi ni R134a, basi. Kuna wanaojaza gesi ya jikoni kwa sababu ni rahisi na inapoza. Inapoza, ndiyo, na ikivuja ndani ya kabini yupo dereva na pengine sigara. Hata mtungi ulioandikwa R134a ununue kwa mtu unayemwamini. Mwaka 2011 kontena za baridi zililipuka na kuua mafundi, na gesi iliyokuwa ndani ilikuwa imechanganywa na kloridi ya metili, ambayo haipatani na aluminiamu.

7. Mpira wa kumwaga maji ya kuling koili utokee nje chini ya gari, mbali na bomba la moshi. Ukiufungia ndani ya kapeti, mteja atarudi wiki ijayo na miguu imelowa.