Swali la Mwisho la Jeopardy!: Andika Jibu Lako Kabla Muziki Haujakwisha

Kwetu hapa Ohio, Marekani, Jeopardy! huanza saa moja na nusu jioni, wakati vyombo vya chakula vinakusanywa. Kipindi hiki cha televisheni cha chemsha bongo ni cha zamani: kilianza tarehe 30 Machi 1964, na toleo tunalolitazama leo liko hewani tangu Septemba 1984. Watu wanakipenda kwa sababu mbalimbali. Mimi nakipenda kwa ajili ya sekunde 30 za mwisho, na nimeandika haya kwa sababu naona familia nyingi zinaziacha zipite bure. Watu wanakaa kimya, wanangoja jibu lisomwe, halafu mmoja anasema, "Aa, hilo nilikuwa nalijua." Hakuna aliyejaribu, kwa hiyo hakuna aliyejifunza.

Kwa asiyekifahamu: washiriki ni watatu, na badala ya kuulizwa swali wanapewa maelezo, wao ndio wanaojibu kwa kuuliza, "Ni nani fulani?" au "Ni nini kitu fulani?" Baada ya raundi mbili hubaki swali moja tu. Kwanza inatajwa mada. Yanaingia matangazo ya biashara, na katika muda huo kila mshiriki anaweka dau kutoka kwenye fedha alizozichuma. Kisha maelezo yanatokea kwenye skrini, muziki unapigwa kwa sekunde 30, na kila mtu anaandika jibu lake. Muziki ule ulitungwa na Merv Griffin, mwanzilishi wa kipindi, naye aliutunga awali kama wimbo wa kumbembeleza mwanawe alale.

Ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu: andika. Kila mmoja pale sebuleni awe na karatasi na kalamu yake, na asitamke kitu mpaka muziki ukome. Mtu mzima akishasema jibu kwa sauti, watoto wanaacha kufikiri papo hapo, hata kama jibu lenyewe si sahihi. Wanamwamini baba, basi. Lakini mtoto wa miaka tisa akiwa na karatasi yake atakushangaza, maana ana mambo aliyosoma shuleni wiki hii ambayo wewe uliyasahau zamani. Na kama hujui, andika hivyo hivyo unachokidhania. Jibu uliloliandika kwa mkono wako, likisahihishwa, linakaa kichwani. Lile ulilolifikiria nusunusu linapotea usingizi ukija.

Matangazo ya biashara msiyatumie kwenda jikoni. Mada imeshatajwa, na huo ndio muda mrefu zaidi wa kufikiri mtakaopewa. Ikiwa mada ni marais wa Marekani, anzeni kuwataja. Ikiwa ni waandishi wa karne ya 19, kila mtu amtaje anayemjua. Mara nyingi jibu linakuwa limekwisha kupita midomoni mwenu kabla maelezo hayajatokea, na kazi inayobaki ni kulitambua.

Mada pia ni uzio. Mwaka 2011 kompyuta ya kampuni ya IBM iitwayo Watson ilishindanishwa na mabingwa wawili wakubwa, Ken Jennings na Brad Rutter. Katika swali moja la mwisho mada ilikuwa miji ya Marekani, na maelezo yalisema kwamba uwanja wa ndege mkubwa kuliko yote wa mji huu umepewa jina la shujaa wa Vita vya Pili vya Dunia, na wa pili kwa ukubwa umepewa jina la pigano la vita hivyo. Binadamu wote wawili waliandika Chicago: uwanja wake mkubwa, O'Hare, una jina la rubani Edward O'Hare, na wa pili, Midway, una jina la pigano la baharini la Juni 1942. Watson iliandika Toronto, na alama tano za kuuliza mbele yake. Walioiunda walieleza kuwa mashine ilikuwa imejifunza kutoipa mada uzito mkubwa, kwa sababu mara nyingine mada za kipindi hiki zinapinda. Ni kweli zinapinda. Lakini mtu aliyekaa kwenye kochi anaweza kujiuliza jambo moja jepesi kabla hajaweka kalamu chini: jibu langu limo ndani ya mada? Toronto iko Kanada.

Sasa maelezo yenyewe. Wengi wanayasoma mara moja kwa haraka, wanashika neno moja kubwa na kukimbia nalo. Mimi nawafundisha wanangu kutafuta kwanza neno linalosema kinachotakiwa ni kitu gani: "kampuni hii", "nchi hii", "mwandishi huyu". Ukishajua unatafuta kampuni, umeondoa nusu ya dunia. Kisha rudi uyasome mara ya pili, na kila neno ulipe kazi yake, maana waandishi wa maswali haya hawaweki neno bila sababu.

Mfano ninaoupenda ni swali lililomtoa Ken Jennings, ambaye leo ndiye anayekiendesha kipindi. Mwaka 2004 alishinda michezo 74 mfululizo na kuchuma dola 2,520,700. Katika mchezo wa 75, uliorushwa tarehe 30 Novemba, mada ilikuwa biashara na viwanda. Maelezo yalisema kwamba wengi kati ya wafanyakazi 70,000 wa msimu wa kampuni hii, wafanyakazi wa ofisini, hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Jennings aliandika FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Ukisikia "msimu", akili inakimbilia Krismasi na vifurushi, ni rahisi kuelewa. Lakini maneno mawili yanakataa. Kubeba vifurushi si kazi ya ofisini, na pilikapilika za Krismasi hazifiki miezi minne. Ni kazi gani ya ofisini inayodumu miezi minne? Yeyote aliyeishi nchi hii anaijua: kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili ni msimu wa kujaza fomu za kodi. Jibu lilikuwa kampuni inayowajazia watu fomu hizo, H&R Block.

Angalieni swali lile lilivyo. Hakuna mtu anayekariri idadi ya wafanyakazi wa H&R Block. Lile halikuwa swali la kukariri hata kidogo. Mhamiaji aliyefika juzi, aliyekwisha kupanga foleni mara moja kwenye ofisi yao mwezi wa Februari, alikuwa na kila alichohitaji. Ndiyo maana nasisitiza kwa wenzangu tuliokulia kwingine: msijitoe mapema kwa kusema "haya ni mambo yao." Swali la mwisho huwa limetengenezwa lifikiwe kwa kufikiri.

Mama yangu alinionyesha hili vizuri. Alikuwa amekuja kutoka Tanga kutuona, na kwa kuwa Kiingereza cha televisheni kinamkimbia, mimi ndiye niliyekuwa namfasiria. Jioni moja tulikuwa tukizungumzia swali lililohitimisha ushindi 40 wa Amy Schneider, lile la Januari 2022, nami nikaona nimtegee. Nikamwambia, "Mama, wanataka nchi pekee ambayo jina lake la Kiingereza linaishia na herufi H, na iwe katika zile kumi zenye watu wengi kuliko zote." Nilidhani ile H itamzuia, maana kwa Kiswahili hakuna nchi ya namna hiyo.

"Hiyo H iache kwanza, mwanangu," akasema. "Anza na watu."

Mama alifundisha jiografia miaka mingi. Akaanza kuhesabu kwa vidole: China, India, Marekani, Indonesia, Pakistani, Brazili, Nijeria, Bangladeshi. Hapo akanyamaza, akaniuliza, "Hii Bangladeshi wenyewe wanaiandikaje?" Nikamwandikia. Akaniangalia tu.

Bingwa wa ushindi 40 hakuandika jibu lolote kwa swali hilo. Nadhani ile herufi ndiyo inayomvuta mtu, maana ndiyo inayong'aa, na ukianza kuzunguka dunia nzima ukitafuta H, sekunde 30 hazitoshi. Orodha ya nchi kumi inatosha. Tangu hapo nyumbani kwetu maelezo yakiwa na pande mbili tunaanza na upande wenye orodha fupi. Jaribuni muone.

Kuna swali jingine ambalo nalileta kwa sababu ya dau lake. Mwezi Juni 2019 James Holzhauer, aliyekuwa ameshinda mara 32, alikutana na Emma Boettcher, mkutubi. Wakaingia swali la mwisho Boettcher akiwa na dola 26,600 na Holzhauer dola 23,400. Swali lilihusu mstari wa Shakespeare wa "hesabu kubwa ndani ya chumba kidogo", ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa unagusia kifo cha mapema cha mwandishi gani. Wote wawili walimtaja Christopher Marlowe, aliyeuawa mwaka 1593 kwenye chumba cha nyumba moja huko Deptford, katika ugomvi uliosemekana ni wa kulipa gharama za chakula. Kwa hiyo elimu haikuwatenganisha. Kilichowatenganisha ni dau. Boettcher aliweka dola 20,201. Kwa nini ile moja ya mwisho? Mara mbili ya 23,400 ni 46,800, na 26,600 ukijumlisha 20,201 unapata 46,801. Hata kama Holzhauer angeweka kila alichonacho, asingemfikia.

Mpeni mtoto hesabu hiyo wakati wa matangazo. Chukua fedha za aliye wa pili, zidisha kwa mbili, ongeza moja, toa za anayeongoza: hilo ndilo dau la anayeongoza. Binti yangu aliichukia hesabu shuleni, lakini hii anaifanya haraka kuliko mimi, na akiona mshiriki ameweka dau dogo kuliko inavyopaswa anakasirika kabisa.

Kwenu nyumbani dau liwe nini? Sishauri fedha, hata senti. Sisi tunatumia desturi tuliyokua nayo kwenye vitendawili: anayeshindwa anatoa mji. Yeyote aliyekaa uani jioni na bibi yake anaikumbuka. "Kitendawili!" "Tega!" Na ukishindwa unaambiwa, "Nipe mji." Basi kabla ya swali kila mmoja anaandika mji anaouweka juu ya karatasi yake, na akikosa, mji unakwenda kwa aliyepata. Wakikosa wote, miji inabaki mpaka kesho yake. Raha yake ni kwamba mtoto hawezi kutoa mji asioujua. Wanangu walianza na Cleveland na Cincinnati, zikawaishia, wakalazimika kumwuliza babu yao kwa simu. Sasa wanataja Korogwe, Pangani, Lushoto, Muheza. Mdogo hajawahi kukubali kuiweka Tanga, anasema hiyo ni ya bibi.

Kuhusu usahihi wa maandishi, kuweni kama kipindi chenyewe. Katika swali la mwisho kosa la tahajia husamehewa ilimradi matamshi hayajabadilika. Mwaka 2013, katika wiki ya watoto, mvulana mmoja alikataliwa jibu lake kwa sababu alizidisha herufi T katikati ya jina la Tangazo la Lincoln la kuwakomboa watumwa, na herufi ile ikaleta silabi ya ajabu. Watazamaji wengi waliumia kwa ajili yake, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nyumbani hakuna haja ya ukali huo kwa mtoto, hasa anayejifunza lugha mbili au tatu kwa pamoja. Anayeandika jibu kwa Kiswahili apewe pia. Misri ni Misri.

Siku ambazo kipindi hakipo, tungeni wenyewe. Kutunga kunafundisha kusoma maelezo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu utajionea jinsi neno moja linavyofungua au kufunga njia. Hili ni langu, mada ikiwa maziwa ya Afrika: "Linapakana na nchi nne, na kwa kina duniani linazidiwa na Baikal peke yake." Mtoto mmoja ataandika Viktoria kwa kuwa ndilo kubwa. Mwulize Viktoria linagusa nchi ngapi. Atahesabu Tanzania, Kenya, Uganda, ataishia tatu, na mwenyewe atalifuta na kuandika Tanganyika.

Na kama katika familia yenu yumo mtu ambaye kila jioni karatasi yake ina jibu sahihi, mwambieni ajaribu mtihani wa kuomba nafasi ya kushiriki. Unafanyika mtandaoni, una maswali 50, na kila swali lina sekunde 15 tu, nusu ya zile za swali la mwisho. Huko hakuna haja ya kujibu kwa namna ya kuuliza. Akae peke yake chumbani, simu izimwe, na wadogo zake wapelekwe nje kucheza mpaka amalize.