Kitofali kinachelewa kugeuka? Wacheni kuongeza Mbps

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na dadangu twacheza Puyo Puyo Tetris, gemu ya kupanga vitofali vinavyoanguka, kwenye PS4 hapa Kisauni, Mombasa. Nikibonyeza kitofali kigeuke, chageuka kwa kuchelewa, na nikikisukuma kando chapita pale nilipokitaka. Kwa rafiki yangu Kongowea nacheza sawa kabisa. Fundi mmoja alituuzia waya wa HDMI wa dhahabu, hakukubadilika kitu. Sasa asema tupandishe kifurushi cha WiFi kutoka Mbps 10 hadi 40, na ikishindikana aifungue PS4 aiflashi. Baba ameanza kulalamika juu ya pesa. Tufuate lipi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msifuate lolote kati ya hayo.

Chomoa rauta uitie kabatini, kisha keti na dadako mcheze. Kitofali kitachelewa vile vile. Watu wawili kwenye kochi moja, PS4 moja na TV moja hawatumii intaneti kwa lolote. Gemu imo ndani ya mashine, na amri ya pedi yako haitoki nje ya sebule. Huyo aliyewaambia mpandishe kifurushi ama halijui hilo, ama alijua na ana chake anachopata kwa wauza vifurushi. Swali hili naletewa kila siku, limebadilishwa jina la gemu tu, na kila mara mshtakiwa wa kwanza ni WiFi. TV haishukiwi hata kidogo, na ndiyo iliyo na makosa.

Ushahidi umeuandika mwenyewe. Kongowea wacheza sawa. Gemu ni ile ile na vidole ni vile vile.

TV za siku hizi hazionyeshi picha vile zinavyoipokea. Huishika kwanza, huilinganisha na iliyotangulia, hutunga picha za katikati ili mwendo uonekane laini, husafisha chenga, hukoleza rangi, ndipo huitoa. Ukitazama sinema hupotezi kitu, kwa kuwa sauti nayo hucheleweshwa ili ziende pamoja. Kwenye gemu kuna kidole chako, nacho hakuna wa kukichelewesha. PS4 hutoa picha 60 kwa sekunde kwenye gemu hii, yaani kila picha ina milisekunde kama 17. TV iliyowekwa hali ya sinema yaweza kukaa na picha milisekunde 50, na nyingine hupita 100. Kwa hesabu hiyo unaangalia kitofali pale kilipokuwa picha tatu hadi sita zilizopita.

Ndiyo maana chapita. Ukishikilia kitufe cha kando, kitofali husogea hatua moja, husita kidogo, kisha hukimbia. Wewe wangoja ukione kimefika juu ya nguzo unayotaka ndipo uachie. Macho yanapokuambia kimefika, ndani ya mashine kimeshapita. Unarudisha hatua moja, nayo yachelewa, unabonyeza tena, sasa umekwenda mbili. Na kitofali kikishagusa chini una kama nusu sekunde tu kabla hakijaganda, kwa hiyo ile T uliyotaka kuigeuza iingie chini ya ukingo yaganda ikiwa imelala vibaya. Hiyo ilikuwa mistari miwili ya kumtupia dadako takataka za kumzibia upande wake, na sasa ni shimo kwako.

(Dadako, nadhani, huchagua upande wa Puyo na wewe upande wa Tetris. TV yenu yawachelewesha nyote wawili, lakini anayepanga matone ya rangi ili yalipuke kwa mfuatano hushinda zaidi kwa kupanga mapema. Wa Tetris hula kwa kasi ya mikono. Kwa hiyo usimwambie kuwa akushinda kwa sababu ya TV, ingawa kidogo ni kweli.)

Chukua rimoti, ingia kwenye mpangilio wa picha, utafute hali ya mchezo. Kwenye TV nyingi imeandikwa Game. Hakikisha unaiwasha ukiwa kwenye tundu lile lile la HDMI lenye PS4, maana TV nyingi hukumbuka mpangilio wa kila tundu peke yake. Ukiiwasha ukiwa kwenye king'amuzi umeiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari. Kama TV ni ya zamani na haina hali hiyo, zima moja moja vitu vya kulainisha mwendo na kuondoa chenga. Zipo ambazo ukibadilisha jina la tundu kuwa PC huacha kuichezea picha, jaribu na hilo. Na kama PS4 yapitia kwenye spika ndefu au kigawanyaji kabla ya kufika kwenye TV, ichomeke moja kwa moja.

Rangi zitafifia kidogo. Mtazoea kabla ya magharibi.

Usiniamini mimi, pima. Simu nyingi zina video ya mwendo wa polepole, na zikiandikwa 240, yaani picha 240 kwa sekunde, maana yake kila picha ni milisekunde nne na kitu. Mwambie dadako ashike simu ili kidole chako na TV vionekane pamoja, bonyeza kitufe cha kugeuza, kisha peleka video mbele picha kwa picha. Anza kuhesabu kitufe kinapozama, simama kitofali kinapogeuka. Rudia mara kadhaa, kwanza bila hali ya mchezo, kisha nayo ikiwa imewashwa. Hesabu haitafika sifuri kwa sababu pedi na gemu yenyewe pia hula muda wao. Angalia tofauti kati ya vipimo viwili. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa imeliwa na TV.

Huo waya wa dhahabu sasa. HDMI hubeba namba. Zikifika, zimefika, zisipofika utaona vidoti vinavyometameta, kioo kitakuwa cheusi kwa nukta moja kisha kirudi, au sauti itakatika. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula midomo ya HDMI, na dalili zake ni hizo hizo. Waya mbovu haukawizi picha. Dhahabu ya kwenye ncha huzuia kutu, ni jambo jema kwa watu wa pwani, lakini mliuziwa kama dawa ya ugonjwa ambao haiutibu. Mrudishieni.

Najua utaniuliza: na nikicheza mtandaoni je, Mbps 40 hazitanisaidia? Hapa ndipo nawaona watu wa Mombasa wakiliwa pesa kuliko wote, kwa sababu tuna jambo la kujivunia. Nyaya za baharini zimetua kwetu, TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na nyingine baadaye. Basi mtu hufikiri kwa kuwa waya umetua pua na mdomo na kwake, lazima gemu ipae. Waya umetua hapa, mpinzani wako yuko wapi? Tuseme yuko Tokyo, Japani: ni kama kilomita 11,000 kwa njia iliyonyooka, na nyaya hazinyooki. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 110 kabla hata hujahesabu vituo vya njiani, na hakuna kifurushi cha kuupunguza. Feri kubwa ya Likoni hubeba magari mengi zaidi, lakini haiisogezi ng'ambo. Mbps ni ukubwa wa feri.

Kitu kimoja niwe mkweli: kama nyumbani kuna watu wanapakua sinema wakati wewe wacheza, laini ikijaa, ujumbe wako hungoja foleni, na hapo laini kubwa husaidia. Lakini kumwambia mwenzako asubiri dakika ishirini ni bure. Na waya wa LAN kutoka rauta hadi PS4 utakufaa kuliko WiFi inayopita kuta mbili za mawe.

Baada ya vifurushi huja programu. Ziko chungu nzima za simu na kompyuta zinazojiita viongeza kasi, na nyingi hufunga programu nyingine tu na kukuonyesha mshale unaopanda. Huku zimeomba ruhusa ya majina yako yote ya simu na ujumbe. Gemu na majina ya simu vimehusiana wapi? VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mahali pengine, nayo huongeza kituo kimoja njiani. Mara chache njia mpya huwa fupi kuliko ya zamani, mara nyingi huwa ndefu. Anayekuuzia kwa ahadi ya kupunguza ucheleweshaji bila kukuuliza unacheza na nani, wa nchi gani, hajui anachouza.

Tena watu wafikiri wanaoshinda wana mashine ya siri. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliicheza Tetris ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, gemu ya mwaka 1989, hadi kiwango cha 157 ikaganda. Wachezaji wa toleo hilo hupendelea TV zile nzito zenye mgongo mkubwa, ambazo huchora picha pale pale inapofika. TV ambayo mtaani kwenu imetupwa nje ya nyumba ingekufaa kwa Tetris kuliko hiyo ya inchi 55 iliyo kwenye hali ya sinema.

Kuflashi PS4 ndiko kunakonitia hasira zaidi. Hakuondoi hata milisekunde moja. Hugusa programu ya mashine ili iendeshe nakala za wizi, na Sony ikiitambua huifungia mtandaoni. Kuna wanaoileta kwangu baada ya hapo, wameshalipa, wameshafungiwa, na kitofali bado chachelewa. PS4 hufunguliwa kutolewa vumbi kwenye feni na kubadilishwa gundi ya joto, na dalili ya kuhitaji hivyo ni kelele na kuzimika, si kuchelewa. Akiomba nywila ya akaunti yako ili aijaribu akiwa kwake, usimpe. Akaunti ikishabadilishwa barua pepe kuirudisha ni kazi, na gemu zote mlizonunua zimekwenda nayo.