Re: Kijana wa form one hajui kusoma, nianzie wapi?

Mwalimu shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo. Umesema huyo kijana wako hapo Tanga anachanganya b na d, akikutana na ng' anakwama, na wenzie wanamcheka. Kwanza mwambie mzazi ampeleke hospitali ya Bombo akapimwe macho na masikio, mi nilikaa muhula mzima namwita mtoto mvivu kumbe ubao haoni, mpaka leo naona aibu.

Kama macho yako poa rudi kwenye silabi, ila usimpe kitabu cha darasa la pili, huyo ni mkubwa atakichukia. Wa kwangu nilikuwa namwandikia vituo vya daladala kwenye boksi, tunakata na mkasi Nga-mi-a-ni, Sa-ha-re, anachanganya mezani anapanga upya, halafu nikamwekea Ngamiani na ng'ambo pamoja ayatamke kwanza asikie tofauti mdomoni kabla hajayasoma. B na d usifundishe siku moja!! Wiki nzima b tu, aichore kwa kidole mchangani huku anaitamka, ikikaa ndo ulete d.

Dakika 15 kila siku, sio masaa mawili jumamosi. Kingereza kisubiri kidogo, kiswahili unasoma kilivyoandikwa, hapo ndo atapata moyo.

Na usimshtukize kusoma mbele ya darasa, mpe aya jana yake akajisomee home. Mtihani wa historia msomee maswali ajibu kwa mdomo, we si unapima historia bana.